Makaburi Manne ya Mchicha

Kila ninapofungua kopo jipya la mbegu, jambo la kwanza ninalofanya ni kulinusa. Vijana ninaofanya nao kazi wanadhani nakagua kama dawa bado ina nguvu, nami nawaacha wadhani hivyo, kwa sababu mtu mwenye stashahada ya kilimo cha bustani akionekana ananusa makopo bila sababu, heshima yake inapungua. Ukweli ni kwamba ile harufu, kali kidogo, ya vumbi na ya kiberiti kilichozimwa sasa hivi, inanirudisha Kumsenga, kwenye kiangazi kimoja nilipokuwa darasa la tano, mikono yangu ikiwa na rangi ya waridi mpaka kwenye vifundo.

Niseme kwanza mimi ni nani, tusije tukasumbuana mbele. Nilitoka kwetu na nguo zangu kwenye mfuko wa rambo. Nikasoma, nikafaulu, nikafanya kazi kwenye mashamba ya maua ya Arusha, na nikarudi kwa hiari yangu wakati wenzangu wakiapa kwamba kurudi Kigoma ni kushindwa. Leo banda langu la miche liko pembeni mwa mji wa Kasulu, na mtu wa Titye akitaka miche ya kabichi iliyosimama kama askari ananiulizia mimi. Sikubebwa na mjomba wala na mchungaji. Nayasema haya kwa sauti kwa sababu nimechoka kusikia watu wakisema bustani ni kazi ya waliofeli. Mimi bustani ndiyo iliyonifaulisha, na nilianza kuisomea kabla sijajua kwamba inasomewa.

Ninyi wa rika langu mtakumbuka jinsi mwaka ulivyokwenda kwetu. Mvua za kwanza zikidondoka, kila mtu yuko mlimani na mahindi na maharage. Maharage ya kwanza yakivunwa, ya pili yanaingia ardhini. Halafu mvua inakata, vumbi jekundu linapanda mpaka kwenye kope, na watu wote wanashuka bondeni, ambako ardhi ni nyeusi na inabaki na unyevu hata mwezi wa nane. Mlimani ilikuwa chakula. Bondeni ilikuwa sare za shule, chumvi, mafuta ya taa. Mama alikuwa na kipande chake huko chini, kando ya kijito, na kiangazi kwetu kilikuwa na harufu ya majani ya nyanya kwenye viganja vyake.

Kile kipande hakikuwa cha Mama hasa. Kilikuwa cha ukoo wa Baba, na Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Msemaji sasa alikuwa baba mdogo. Sheria ya bondeni kila mtu aliijua bila kuandikiwa: aliyepanda hasumbuliwi, lakini ardhi ikilala tupu kiangazi kizima, msemaji wa ukoo anampa mwingine. Kwa miaka yote Mama hakuwahi kuilaza. Kiangazi kile, mvua zilipokuwa zinaaga, alianguka kutoka nyuma ya baiskeli kwenye mteremko, akiwa ameshika gunia la muhogo, na gunia likamwangukia juu ya mguu. Akarudi kutoka hospitali ya Kibondo na plasta nyeupe kuanzia kwenye vidole mpaka juu ya goti. Majirani walikuwa wanamlaza mkekani barazani asubuhi na kumrudisha ndani jioni. Nyumbani tulikuwa mimi, yeye, na mdogo wangu wa kunyonya.

Baba mdogo alikuja kumjulia hali. Nilimwamkia, akanijibu marahaba bila kuniangalia, akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa.

"Pole, shemeji."

"Nimeshapoa."

"Nimekuja kusema jambo, usilichukue vibaya. Mwaka huu bonde hutaliweza."

Mama alikuwa anachambua maharage. Hakuinua macho. "Nani kasema?"

"Mguu wako umesema." Akakohoa. "Wafyatua tofali wanatafuta udongo. Kila kata inajenga maabara za shule, unasikia mwenyewe redioni. Udongo wa pale ni mzuri. Nikimaliza kupukuchua mahindi nashuka nao. Nikikuta pamepandwa, nitawapeleka kwingine. Nikikuta patupu, shemeji, tusije tukalaumiana."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mnakumbuka miaka ile ya maabara, jinsi kila kilima kilivyokuwa na tanuri la tofali linalofuka moshi. Nilishaona bonde la jirani zetu baada ya wafyatua tofali kumaliza: mashimo ya kufika kifuani, maji ya kijani, vyura. Pale hapalimwi tena. Mtu akishakuchimbia udongo wa juu, hata ukirudishiwa ardhi, umerudishiwa shimo.

"Patapandwa," nilisema.

Baba mdogo akageuka kana kwamba mbuzi ameongea. "Na nani?"

"Na mimi."

Akacheka, si kwa ubaya. "Ego, mwana wanje. Haya, mwanangu, panda."

Mama alinituma Kibondo siku ya soko, pamoja na jirani yetu aliyekuwa anapeleka ndizi, nikanunue mbegu za nyanya. Duka lilikuwa la mzee mmoja wa Kiislamu ambaye watu wake walitoka Ujiji, mwenye kofia safi na Kiswahili kilichonyooka mpaka nikaona aibu kufungua mdomo. Alinipa kipakiti kidogo, akanifungulia kingine kilichokwisha pasuka nione zilivyo. Mbegu zilikuwa za rangi ya waridi. Nilifikiri ananitania.

"Binti yangu, mbegu hii imetiwa dawa," alisema. "Ukishaishika, nawa mikono yako vizuri kwa sabuni, umesikia? Usije ukala chakula nayo mikononi."

"Nimesikia, babu."

Nilisikia, na njia nzima kurudi Kumsenga nikawa nafikiri. Akili yangu ilikuwa inafanya kazi vizuri sana, haikuwa imepewa habari za kutosha tu. Kama mikono iliyoshika mbegu ni lazima ioshwe, basi mbegu yenyewe ina hatari gani? Na nyanya itakayotoka kwenye mbegu hiyo? Nikaona picha ya mteja wa Mama akila nyanya yetu na kuanguka. Nilipofika nyumbani nikachukua beseni, nikazitia zile mbegu kwenye kitambaa, nikazifua. Kwa sabuni ya mche. Mara tatu. Maji yakawa rangi ya sharubati ya Idi, nikayamwaga mbali na kuku, maana nilikuwa mtoto mwangalifu. Kisha nikazianika, na zilipokauka nikazichanganya na majivu kama Mama anavyofanya na mbegu za maharage. Zilirudi kuwa za rangi ya mchanga, rangi ya mbegu za kweli. Mama aliponiuliza kama nimeshaziandaa nikamwambia nimeziandaa kuliko wanavyoziandaa wao dukani.

Nikalima kitalu kimoja kando ya kijito. Nikazimwaga mbegu kwa wingi, kwa sababu nilitaka nyanya nyingi. Nikamwagilia asubuhi, mchana na jioni, kwa kopo nililolitoboa kwa msumari, kwa sababu nilitaka zikue haraka. Zikaota! Kila mche ulitoka umeinama kama mtu anayesali, halafu ukanyanyua kichwa na vijani viwili. Nilikuwa nalala chini tumbo likigusa ardhi niziangalie kutoka ubavuni, msitu mzima wa urefu wa kidole, na harufu ile ya nyanya ikawa imeshaanza, ndogo, lakini ipo.

Siku ya tisa nilikuta sehemu ya msitu imelala. Ya kumi, nusu. Miche ilikuwa bado ya kijani, majani mazima, ila imekatika chini kabisa pale inapogusana na udongo, shingo nyembamba kama uzi. Hakukuwa na alama ya kuku wala panzi. Ilikuwa kana kwamba mtu amepita na wembe. Nikajiuliza nani anataka nyanya hizi zife. Jibu lilikuja lenyewe.

Nilikwenda mbio mpaka kwa baba mdogo. Ua wake ulikuwa umejaa watu wanapiga magunia ya mahindi kwa fimbo, makapi yanaruka, redio inaimba. Nilisimama katikati.

"Umekata nyanya zangu!"

Fimbo zikasimama moja moja.

"Nimefanya nini?" aliuliza baba mdogo.

"Umekata nyanya zangu ili uwape wafyatua tofali bonde."

"Yoo!" Mama mdogo, mkewe, alijishika kifuani. "Mtoto huyu kalishwa nini?"

Baba mdogo akaweka fimbo chini. "Nyanya zenyewe ni za urefu gani?"

Nikaonyesha kwa kidole.

Ua mzima ukalipuka kwa kicheko. Mtu mmoja akasema, "Mzee, ulipiga magoti au ulilala kifudifudi?" Mwingine akasema, "Alitumia shoka." Baba mdogo hakucheka. Shingo yake ilikuwa imevimba.

"Sikiliza," aliniambia. "Mimi nikitaka kuwanyang'anya bonde nitakuja mchana, na jembe begani, kila mtu ananiona. Sina haja ya kuvizia nyanya kama panya. Rudi kwa mama yako umwambie ulichosema hapa."

Habari zilifika kwa Mama kabla yangu. Aliniamuru nirudi nikapige magoti niombe radhi. Sikwenda. Alinitishia fimbo, lakini fimbo ilikuwa mbali na mguu ulikuwa kwenye plasta, na nilisimama hatua mbili kutoka mkono wake ulipofikia, nikilia, nikisema siendi. Nilikuwa na uhakika kuliko nilivyowahi kuwa nao kwa jambo lolote.

Miaka mingi baadaye, chuoni, mwalimu alituonyesha picha ukutani: miche midogo imelala, shingo nyembamba kama uzi. Akasema huu ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu wa kwenye udongo, unapenda kitalu kilichobanana na kumwagiliwa kupita kiasi, na ndiyo maana mbegu za dukani hutiwa dawa. Darasa zima lilikuwa linaandika. Mimi nilikuwa nimeacha kalamu hewani. Nilinyoosha mkono nikasema mimi nimewahi kuua kitalu kizima kwa sabuni ya kufulia, wakacheka mpaka mwalimu akakaa chini. Katika mtihani wa somo lile hakuna aliyenipita, na sishangai. Likizo iliyofuata nilikwenda kwa baba mdogo na kilo mbili za sukari, nikapiga magoti niliyoyakataa miaka ile. Aliipokea sukari, akaipima kwa mkono. "Ulinisingizia mambo mengi sana ulipokuwa mdogo," alisema. "Hili la nyanya ni lipi?"

Lakini hayo ni ya baadaye. Kiangazi kile nilibaki na kitalu kilichokufa na bila mbegu. Kurudi Kibondo hakukuwezekana, kilichokuwa kwenye kibindo cha Mama kilishakwenda dawani. Mahindi kwa baba mdogo yalikuwa yanaendelea kupukuchuliwa. Nilikuwa nikisikia fimbo zile kutoka kwetu asubuhi, nikijua kila gunia linaloshonwa mdomo linaniondolea siku.

Nikaangalia ni mbegu gani duniani haina mwenyewe. Mchicha wa kienyeji, sisi tukiuita lengalenga, ulikuwa umekomaa nyuma ya choo na kwenye jalala, mashuke mazito yamejaa mbegu nyeusi zinazong'aa, ukiyasugua tu yanamwaga. Nikajaza bakuli. Haukutosha kwa nilichokusudia, na nilikusudia kijani kingi, kijani cha kuonekana kutoka barabarani. Nikakumbuka maua ya shule.

Mliosoma wakati wa kidumu na fagio hamhitaji kuelezwa. Kila mwanafunzi alikuwa na ua lake, kila ua na kidumu chake cha maji, na ua likinyauka unanyauka na wewe. Matuta ya maua yalipimwa hatua mbili kwa moja, yakainuliwa juu, yakazungushiwa mawe, na mawe yakapakwa chokaa siku ya kuja mgeni. Yetu yalikuwa yale maua ya rangi ya chungwa yenye harufu kali inayobaki mikononi, ambayo leo naweza kukuandikia jina lake la Kilatini bila kufungua kitabu. Vichwa vyake vilivyokauka ukivipasua unakuta mbegu nyembamba nyeusi zenye ufagio mweupe mwishoni. Wakati wa likizo shule ilikuwa tupu. Nilivichuma vyote vilivyokauka, sketi nzima.

Mama alipoviona alisema, "Hayo utayapika?"

"Ni ya kujazia."

"Watu watakucheka."

"Wameshanicheka."

Akaniangalia, halafu akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu gunia limwangukie. "Usimwagilie mchana," alisema. "Na usibananishe. Ningekuwa na mguu nisingekuacha ubananishe zile nyanya."

Nilitengeneza matuta kwa namna pekee niliyofundishwa, ya shule. Hatua mbili kwa moja, yameinuliwa mpaka magotini, yamezungushiwa mawe ya kijitoni. Chokaa sikuwa nayo, nikakoroga majivu na maji nikapaka mawe, yakawa meupe yalipokauka. Mchicha katikati, maua pembeni. Nilimaliza matuta matatu mazima na la nne likawa fupi, kwa sababu mawe yaliisha. Safari hii nikamwagilia kwa kiasi, na mche wa ziada niling'oa bila huruma. Shule ilipofunguliwa niliamka mapema zaidi, bondeni kwanza, kisha kidumu cha shule. Mchicha ukaota siku ya nne. Baada ya mwezi tukawa tunaula na kuuza mafungu. Maua yakachelewa, yakakaa kijani kwa wiki nyingi mpaka nikayachukia, kisha asubuhi moja yakafunguka, na bonde likawa na mistari ya moto.

Sasa kuna jambo ambalo mtu mzima yeyote wa kwetu angeliona na mimi sikuliona. Kwetu maua yalipandwa sehemu mbili tu, shuleni na makaburini. Uani hupandi maua, utayala? Nilikuwa nikipita kila siku mbele ya kaburi la Baba, lenye mawe yake na maua yake, nikashuka bondeni kumwagilia matuta yangu, na akili yangu haikuwahi kuyaweka pamoja.

Waliyaweka pamoja wafyatua tofali. Mahindi, yaliyokuwa mengi mwaka ule, hatimaye yaliisha, na baba mdogo alikuja kama alivyoahidi, mchana, jembe begani. Alikuwa na wanaume watatu wenye vibao vya kufyatulia. Mkubwa wao aliitwa Fundi Daudi, mtu mrefu aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka na kukulia kwenye makambi ya wakimbizi, sasa raia kama sisi. Nilikuwa natoka kijitoni na ndoo kichwani nilipowakuta wamesimama ukingoni. Hakuna aliyekuwa anashuka. Daudi alikuwa amevua kofia.

"Bwana, hukutuambia," alikuwa anasema.

"Sikuwaambia nini?" Baba mdogo alikuwa amebaki nyuma akifunga kamba ya kiatu.

"Kwamba hapa wamezikwa watu."

"Watu gani?"

"Wanne. Au watatu na mtoto, lile la mwisho ni fupi."

Mmoja wa wenzake akafanya ishara ya msalaba. Daudi akatikisa kichwa. "Mimi nimekimbia mara mbili na nimechimba udongo kila nilikokimbilia. Udongo wa maiti siugusi. Hata kwa maabara, hata kwa kanisa. Twendeni."

Wakaanza kugeuka. Baba mdogo akanyanyuka akaangalia bondeni, na niliona macho yake yakipita kwenye lile tuta la kwanza, la pili, la tatu, la nne, halafu yakanifikia mimi na ndoo yangu. Alijua. Akainama tena kwenye kamba ya kiatu chake.

Nataka muelewe hapo nilipokuwa. Wanaume walikuwa wanaondoka. Kilichotakiwa kutoka kwangu kilikuwa kunyamaza, kazi ambayo hata mdogo wangu wa kunyonya angeiweza. Lakini nilikuwa nimebeba maji yale kwa miezi miwili. Nilikuwa nimeng'oa, nimepanda, nimepaka mawe jiwe kwa jiwe, na sasa kazi yangu yote wanapewa marehemu.

"Si makaburi!" nilipiga kelele. "Ni matuta yangu!"

Nikashusha ndoo, nikakimbilia tuta la kwanza, nikang'oa mchicha na mizizi yake nikauinua juu. "Mchicha! Nimeupanda mimi!"

Daudi alirudi hatua mbili. "Nani kakupandia, mtoto?"

"Mimi."

"Nani kakusaidia?"

"Hakuna."

Akashuka polepole, akagusa udongo kwa ncha ya kidole cha mguu, akanusa ua moja. Akavaa kofia yake. Uso wake wote ukalegea kwa furaha. "Mungu asifiwe," alisema. "Basi kama hakuna wafu, vijana, teremsheni vibao. Tunaanza."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Mchicha ulikuwa bado uko mkononi mwangu juu hewani.

Baba mdogo alishuka. Alizunguka matuta yangu, akachuma jani akalitafuna mbichi. "Hakuna kuanza," alisema. "Kilichopandwa hakichimbwi. Hii ni sheria, sikuitunga mimi."

"Lakini bwana," Daudi alisema, "matuta manne. Angalia kilichobaki."

Ni kweli. Matuta yangu yalichukua kando ya kijito tu. Nyuma yake kipande cha Mama kilikuwa kinaendelea mpaka kwenye mafunjo, kitupu, cheusi, kizuri kwa tofali.

"Kilichobaki ni kitupu," baba mdogo alikubali.

"Nitakipanda," nilisema.

"Lini?"

"Leo."

"Mbegu?"

Nilimwonyesha mashuke ya mchicha yaliyokomaa kwenye tuta la kwanza na vichwa vikavu vya maua. Baba mdogo aliangalia jua, akaangalia kilima cha upande wa pili. Nilikuwa nimemtukana mtu huyu mbele ya ua uliojaa watu na sikuwa nimemwomba radhi. Alishusha jembe lake begani akalitupa chini karibu na miguu yangu.

"Jua likigusa kile kilima," aliwaambia wafyatua tofali, "alipofika yeye ni pake. Asipofika ni penu. Kaeni."

Wakakaa ukingoni, wakawasha sigara, wakanitazama nikilima kama watu wanaotazama mpira. "Huyu mukobwa atachoka kabla ya saa tisa," mmoja alisema. "Wewe ungeshachoka saa nane," mwingine akamjibu. Jembe lilikuwa refu kuliko la Mama, mpini ulinipiga kifuani. Sikuinua matuta tena, sikupanga mawe. Nililima, nikapasua mabonge, nikasugua mbegu juu yake, nikasogea.

Sijui nani aliyempelekea Mama habari. Nilisikia tu wanaume wamenyamaza, nikageuka. Alikuwa anashuka mteremko kwa makalio, mguu wa plasta umenyooshwa mbele, anajisukuma kwa mikono, kanga imejaa vumbi, na mdogo wangu amefungwa mgongoni. Hakunisalimia, hakumsalimia shemeji yake. Alifika pale nilipolima, akakaa, akakunja pindo la kanga likawa kama ungo, akasema, "Lete mbegu. Wewe lima, mimi napanda." Na hivyo ndivyo tulivyokwenda, mimi mbele na jembe, yeye nyuma anaburuta ule mguu mweupe, anamwaga mbegu kwa vidole vitatu, anafukia kwa kiganja. Plasta ile iliyopigwa marufuku kuguswa na maji iligeuka rangi ya bonde. Baba mdogo alisimama amekunja mikono. Mara moja tu alisogea, akamchukua mtoto mgongoni kwa Mama, akarudi kusimama naye.

Jua lilipogusa kilima tulikuwa tumebakiza kona ya chini, ya mafunjo. Nilitaka kuendelea. Baba mdogo akaja akachomeka fimbo pale jembe lilipoishia.

"Mpaka hapa."

Kona ile walichimba. Tofali zake ziko kwenye ukuta wa maabara ya shule yetu ya kata, na mimi kemia nilisomea humo humo, na nikaipata B. Sehemu iliyobaki haijawahi kulala tupu tangu siku ile.

Daudi aliposimama kuondoka alijifuta suruali. "Nilisema udongo huu una watu," alimwambia baba mdogo. "Wangekuwa wafu ingekuwa nafuu."

Tulibaki mimi na Mama tumekaa kwenye udongo. Viganja vyangu vilikuwa vimechubuka. Nilisubiri aseme neno, maana nilidhani siku kama ile haiwezi kuisha bila mtu kunisifu.

"Mama, tumeshinda?"

Alikuwa anakung'uta pindo la kanga, anatafuta kama kuna mbegu iliyobaki. Aliipata moja kwenye mshono, akaichimbia shimo kwa kidole, akaifukia.

"Mbegu iliyo chini bado haijashinda kitu," alisema. "Nisaidie kunyanyuka. Kesho mapema, maji."

Asubuhi yake, wafyatua tofali walipofika kwenye kona yao, walitukuta tumeshamaliza kumwagilia.